Swichi Inayokata Kila Asubuhi

4 Februari

Mume wangu mtoro,

Mimi nipo, napumua. Mguu wa kulia una kelele zake za kila siku, mdomo mzima. Wewe je? Unakula? Usinijibu "nakula, bibi" ukaishia hapo. Niambie ulikula nini na nani alipika, maana nakujua, unaweza kushinda na njaa kutwa kisha ukasema kazi ilikuwa nyingi.

Anayeandika hapa ni fundi viatu wa barazani kwetu. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asipambe. Akilikuta neno langu ni kali, aliache na ukali wake. Najua utasema, bibi si upige simu. Simu sitaki. Kwenye simu unaniambia "mzima kabisa, bibi, mzima kabisa," kisha inakatika, nabaki nimeshika dude sikioni kama mwehu. Barua nasomewa. Nikitaka anarudia, nikitaka anarudia tena, huku anagonga kisigino cha kiatu cha mtu.

Sasa habari yenyewe, sizunguki. Macho yangu yanafunga duka.

Shangazi yako alinipeleka hospitali. Daktari ni binti mpole, akanikalisha mbele ya mashine, ikanipulizia upepo kwenye jicho kama inazima mshumaa. Nikamwambia, kama ni mtoto wa jicho mtoe twende zetu nyumbani. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Ni presha, kasema, presha ya jicho lenyewe, na ilichokwisha kuchukua hairudishi. Kanipa matone. Matone ni ya kuchelewesha tu, si ya kuponya. Nilimuuliza hivyo hivyo usoni, akanijibu hivyo hivyo usoni, nikampenda.

La kushoto limekwisha. La kulia naona katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Nikimtazama mtu naanza na pua, nahamia mdomoni, nahamia kwenye sikio, namkusanya kidogo kidogo mpaka anatimia.

Nataka nikukusanye wewe. Ulivyoondoka ulikuwa bado na mashavu ya kunyonya. Shangazi yako anasema kwenye picha umekuwa mtu mzima, lakini picha ni ndogo, inaniponyoka kwenye bomba. Njoo nikuone mwenyewe kabla halijaziba. Sitaki kitu kingine. Zawadi usilete, lete uso.

Mkeo wa kwanza, na ruhusa ya wa pili sijatoa,
Bibi yako


19 Februari

Mke wangu,

Shikamoo. Nimekula wali na maharage, kapika mama wa kantini, na chumvi ilizidi. Umeridhika?

Barua yako niliisomea stoo, nimekaa juu ya roli la waya. Nikaenda moja kwa moja kwa meneja kuomba ruhusa. Akanisikiliza vizuri tu. Akasema, "Pole sana kwa bibi. Laini ikikaa wiki nzima bila kukata, siku hiyo hiyo unaondoka." Kwa hiyo nikueleze hiyo laini, ujue ni nini kinachonishika.

Hapa tunajaza maji kwenye chupa. Kuna mikanda mirefu inayobeba chupa, ndiyo hiyo laini, na kila mkanda unavutwa na mota yake. Mota zote zinalindwa na swichi moja ya usalama. Kazi yake ni kupima umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Ulikwenda huu, urudi huu. Ukirudi pungufu, swichi inajua umevuja mahali, na pengine mahali penyewe ni mwili wa mtu. Inakata hapo hapo, kabla mtu hajapata hata muda wa kupiga kelele.

Shida yetu ni kwamba inakata bila sababu. Kila asubuhi tunawasha laini, tap, imekata. Tunarudisha, tunawasha taratibu mota moja baada ya nyingine, inakubali. Kesho yake tap. Chupa zinaanguka, meneja anashika kichwa, na mimi natafutwa kwa jina langu lote.

Wote wanasema ni maji. Kuna akina mama wanaoosha sakafu kwa mpira kabla zamu ya asubuhi haijaanza. Mmoja tunamwita Mama Mpira, anaimba akiosha, ndala yake imekatika kaifunga kwa kipande cha waya alichookota kwenye taka zangu. Wamekwisha kugombezwa, sasa wanapangusa kwa matambara wamepiga magoti. Na mimi nafungua mota, nakausha, nabadilisha mipira inayozuia maji. Nitaipata, bibi. Weka matone yako vizuri, usiyaruke.

Mumeo mtoro,
Mjukuu wako


6 Machi

Mume wangu,

Chumvi ikizidi unakunywa maji, si uko kiwandani kwenye maji? Mimi sijambo. Matone naweka. Yanaunguza kama kitunguu, na shangazi yako ananishika kidevu kama mbuzi anayenyweshwa dawa.

Hiyo swichi yako nimeielewa, usione sikwenda shule. Ni kama mlinzi wa getini anayehesabu watu. Wameingia wangapi, wametoka wangapi, mmoja hayupo, anafunga geti na kupiga filimbi. Mlinzi wako anapiga filimbi wakati watu wametimia, basi ama kalewa ama kuna mtu ambaye nyinyi hamkumhesabu. Mimi nitajuaje. Mwenye kujua ni wewe.

Lakini hao akina mama mmewapigisha magoti kwa sababu ya nini? Umeona maji yakiingia kwenye mota kwa macho yako, au mnasema tu kwa kuwa wao ndio wako chini? Sijakugombeza. Nimeuliza.

Bomba linapungua. Juzi nilimwita fundi viatu kwa jina la marehemu kaka yake, kwa kuwa niliona kofia tu. Hakukasirika, akaitika.

Usiku sioni kitu, mchana naona. Nikiamka, kabla sijanyanyuka, nakuweka mbele yangu kama ulivyokuwa siku ile ya kuondoka, na lile shati lako lenye kola iliyogeuka. Nilitaka kuinyoosha kola ile, watu wakakuvuta, gari likaondoka. Inaniwasha mkono mpaka leo.

Fanya haraka, lakini fanya.

Bibi yako


27 Machi

Mke wangu mpenzi,

Shikamoo nyingi. Mwili wangu mzima, roho ndiyo haijatulia.

Nimeshindwa. Nimefungua kila mota. Nimeitenga na mwenzake, nimeipima peke yake, nzima. Nimepima waya wake kutoka mwanzo hadi mwisho, mzima. Visanduku vinavyoongoza mwendo wa mota nimevipima, kila kimoja peke yake hakina kosa. Nikiunganisha vyote na kuwasha asubuhi, tap. Nimeota swichi hiyo mpaka ndotoni inanicheka.

Injinia wetu, yule mama niliyekusimulia kuwa ndiye aliyenifundisha kazi hapa, yuko likizo ya uzazi. Sina wa kumuuliza.

Leo meneja kaniita. Kafunga mlango. Kasema, "Fundi, hiyo swichi mbovu. Pitisha waya pembeni yake, laini itembee, na mimi nakuandikia ruhusa kesho." Nikamwambia ile ndiyo inayolinda watu. Akasema, "Imekata mara zote hizi, umewahi kumkuta mtu kanaswa? Basi inamlinda nani?" Kweli sijawahi kumkuta mtu kanaswa.

Ni waya mfupi, hauzidi mkono wangu. Kazi ya kunywa chai na kumaliza. Nikiufunga, wiki ijayo niko mlangoni kwako, unanikusanya pua na masikio, unanyoosha kola. Nikija kurudi nitaendelea kutafuta tatizo. Ni kwa muda tu.

Nimeukata huo waya, nimeumenya ncha zote mbili, uko mfukoni. Mkono haukubali kuufunga na mguu haukubali kuutupa. Macho ni yako. Amua wewe, nitafanya utakavyosema.

Mjukuu wako


8 Aprili

Mume wangu,

Leo salamu ni fupi. Mzima? Na mimi mzima.

Fundi viatu alisoma mpaka pale uliposema niamue mimi, akaikunja karatasi. Nikamwambia endelea. Akasema imeisha. Nikamwambia rudia, akarudia. Nikanyanyuka nikaingia ndani, nikakaa kitandani nikakutukana. Matusi yenyewe hayamo humu, fundi viatu ni mcha Mungu na kalamu ni yake.

Unajua kwa nini nilikutukana? Kwa sababu umenipa mimi kisu, na unajua mimi ndiye mwenye njaa. Nimekaa pale kitandani nikasema funga. Nimesema kwa sauti, peke yangu, funga uje, funga uje. Nikaona na mlango unafunguka. Nilikuwa nimekwisha kufika kwenye kidevu chako.

Halafu akaja huyo mama yako wa mpira. Simjui, umeniletea wewe mwenyewe, na wimbo wake na ndala yake iliyofungwa waya. Kaja kasimama katikati ya bomba langu, hatoki. Nikamwambia, mama, nipishe nimwone mume wangu. Hatoki. Kapiga magoti na tambara lake chini ya mota yako.

Basi sikia. Hapana.

Hapana ya leo na ya kesho. Usifunge hata kwa muda. Kwa muda ni muda gani? Umeme utaombwa usubiri mpaka fundi arudi kutoka kumwangalia bibi yake? Na akija mwingine akafunga, usiangalie pembeni ukasema si mkono wangu.

Huyo meneja anauliza swichi imemlinda nani. Hajui, na wewe hujui, na mimi sijui. Mtu ambaye hakufa haji kukushukuru. Anaosha sakafu, anaenda kwake, anagombana na watoto wake. Mwache akagombane na watoto wake.

Na mimi ukija umefunga, nitakutazama na nini? Nitaanza na pua, nitahamia mdomoni, nitafika machoni, nimkute yeye humo. Sitaki kukuona hivyo. Afadhali nisikuone.

Macho yakiondoka kabla hujaja, yameondoka. Hilo nitalibeba, mgongo ninao. Lile jingine sina mgongo wake, na wewe huna.

Utupe huo waya. Usiuweke mfukoni, mfukoni vitu vinazungumza. Kisha rudi ukatafute, na usinione mkatili. Nakutaka mpaka meno yananiuma, na meno yenyewe unajua yamebaki mangapi.

Fundi viatu ananiuliza kama nina hakika. Nimemwambia ashone viatu.

Bibi yako, mkeo


30 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kimya. Nilikuwa natafuta neno la kukuandikia, nikaona neno lisilo na habari ndani yake wewe hulitaki.

Waya niliutupa siku ile ile. Nilikwenda kwa meneja nikamwambia sifungi, na nikikuta mtu kafunga nitafungua. Akasema, "Basi na ruhusa yako itafungwa." Akaniweka zamu ya asubuhi siku zote, ili nione mwenyewe laini ikikata. Mama Mpira alisikia tulivyokuwa tunabishana mlangoni. Alisema, "Fundi, kumbe wewe una mdomo!" Akaendelea kupangusa.

Wiki iliyopita injinia karudi. Mtoto wake wa kike, mnene, kamwacha nyumbani na dada yake. Nikamweleza yote, nikamwonyesha vipimo vyote. Akavisoma, akasema, "Kazi nzuri. Sasa umewahi kuvipima vyote vikiwa vinatembea pamoja?"

Bibi, sikuwahi.

Nilikuwa nachukua mota, naitenga na wenzake, naikuta nzima, naiacha. Fundi tunafundishwa hivyo, tenga uone. Ndivyo nilivyojifichia ukweli kwa mikono yangu. Tulichukua mita ya kubana waya, tukaibana kwenye shina la umeme wa laini yote, tukawasha kila kitu kwa mpigo. Vile visanduku vya kuongoza mwendo, kila kimoja kwa ujenzi wake kinapitisha umeme kidogo sana kwenda ardhini. Si ubovu, vimeundwa hivyo, kwa sababu zake. Vilipokuwa viwili swichi ilivumilia. Walipoongeza mkanda mpya, cha tatu kikaja na kidogo chake. Kidogo juu ya kidogo, vikawaka kwa pamoja asubuhi, vikazidi kile ambacho swichi inaweza kukivumilia. Maji hayakuwamo kabisa.

Injinia hakunicheka. Alisema na yeye aliwahi kushinda mwezi mzima akitafuta kitu kama hicho, na kwamba ile mbinu ya waya mfupi ingemfanya anifukuze yeye mwenyewe, machozi yakimtoka. Dawa ni kila kisanduku kipate swichi yake, ya aina inayoelewana nacho. Zimeagizwa. Zikija nafunga, tunaangalia wiki, naondoka. Ruhusa kaniahidi yeye, si meneja.

Nilikwenda kwa wale akina mama nikawaambia si maji, haikuwa maji hata siku moja. Mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo magoti yetu utaturudishia wewe?" Wakacheka. Mimi sikuweza kucheka. Mpira wamerudishiwa.

Bado unaniona katikati, bibi? Niambie kweli.

Mjukuu wako


2 Julai

Mke wangu,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nimeuliza posta mpaka wameanza kunikimbia. Nimempigia shangazi, anasema "bibi yupo, anakusalimu, anasema uandike." Ukimsikia shangazi anaongea polepole hivyo, ujue kuna kitu.

Swichi zimekuja, nimezifunga. Leo asubuhi injinia kasema niwashe vyote kwa mpigo. Nikawasha. Tulisimama tukisubiri ile tap. Mama Mpira naye alisimama, mpira unamwagika bure. Haikuja. Mikanda ilitembea, chupa zikapita, zikapita. Kisha nikabonyeza kitufe cha majaribio kwenye kila swichi, nihakikishe hazijalala. Zikakata, moja moja, zote.

Ruhusa ninayo mkononi. Nafika tarehe 26 jioni. Bibi, nijibu hata mstari mmoja. Hata fundi viatu akiandika kitu cha uongo nitakijua.

Mumeo,
Mjukuu wako


13 Julai

Mume wangu,

Nipo. Mguu una kelele, mdomo mzima, umesikia? Mdomo mzima.

Barua zako mbili zilifika, na nimesomewa zote mpaka fundi viatu kazishika kwa moyo, anazisema bila kutazama. Nilinyamaza kwa makusudi. Nikamwambia shangazi yako, akimwambia mtoto ukweli sitamsamehe. Kwa maana ningekuandikia habari yangu, ungeacha visanduku wazi ukapanda gari siku hiyo hiyo. Sasa umefunga kazi yako, naweza kusema.

Bomba limeziba. Liliziba mwezi wa tano, kabla ya ile barua yako ya injinia. Sikuamka nikakuta giza, kama watu wanavyodhani. Lilizidi kuwa dogo, likawa tundu la kitufe, likawa tundu la sindano, na siku moja nikamwuliza shangazi yako kama dirisha limefungwa. Akasema liko wazi. Nikasema haya.

Nililia? Nililia. Nilikaa nikalilia uso wako siku mbili, wala sikuona haya. Baada ya hapo nikaomba chai.

Sasa nikuonye, na unisikilize vizuri. Usije hapa na kilio cha laiti. Laiti ningefunga ule waya, bibi angeniona. Ukilisema neno hilo nitakupiga, nitakufuata kwa sauti nikupige. Uliniuliza, nikasema hapana. Ungeniuliza leo, kwenye giza hili hili, ningesema hapana. Ulichofanya kinanitosha, na ningependa pia kukuona, na vyote viwili ni kweli, vinakaa humu ndani pamoja na wala havigombani.

Barua sikuwahi kuzisoma, kwa hiyo hapo sina hasara. Njia ya kwenda kwa fundi viatu naijua kwa ukuta. Matone nimeyaacha, namshukuru Mungu kwa hilo.

Fundi viatu ananiambia hawezi kuandika vizuri, karatasi imelowa. Mwambie yeye ndiye aliyeilowesha, asinisingizie mimi.

Huyo mama wa mpira msalimie. Mwambie nimeuliza, ndala mpya kapata?

Ukishuka kwenye gari usimtume mtu atangulie kuniambia umefika. Na usibishe hodi kwa sauti ya kwenye msiba, sina maiti humu. Bisha kama mtoto anayerudi na njaa. Shangazi yako nimemwamuru akae jikoni, mlango ni wangu. Nimeujaribu, kutoka kitandani mpaka kwenye komeo nafika, ila sasa naenda taratibu, nagusa kiti, nagusa kabati, naweza kukosea nikaanza upya. Utanisikia ndani nikigonga vitu. Usisukume, usiite, usije kunisaidia. Mimi nimekungoja miaka. Na wewe simama hapo nje uningoje, ninakuja.

Bibi yako